DAFTARI LA SAYYIDNA UMAR: Orodha ya Kumsaidia Mtu Kuamua

   

 Makala haya ni ya historia, lakini yametokana na kosa langu mwenyewe, kwa hivyo ni bora nianze kwa kulisema kosa hilo.

Ramadhan iliyopita vijana wa mtaani kwetu waliniomba niwasaidie kuandaa orodha ya wanaopewa Zakatul Fitr. Miaka yote orodha hiyo ilikuwa katika daftari la mzee mmoja ambaye sote tunamwita Maalim. Daftari lenyewe lilikuwa limechakaa, kurasa zina madoa ya chai, na maandishi ya pembeni ni mengi kuliko ya katikati. Mimi nasoma mifumo ya habari chuo kikuu, yaani namna ya kukusanya habari, kuziweka na kuzitumia kwa kompyuta. Basi nikaona hapa ndipo pa kuonyesha elimu yangu. Nikaingiza majina yote katika kompyuta, kwa safu zilizopangika: jina kamili, nambari ya kitambulisho, nyumba, idadi ya watoto. Na ili mtu asiandikwe mara mbili, nikaipanga programu ikatae mstari wowote usio na nambari ya kitambulisho. Kila mtu alinisifu, na mimi nikajisikia.

Usiku wa kuamkia Idi, wakati wa kugawa mchele, akaja bibi mmoja na kikapu chake. Kijana aliyeshika karatasi akatafuta juu, akatafuta chini, kisha akamwambia, "Bibi, jina lako halimo kwenye kompyuta." Bibi hakubishana. Alisema tu, "Haya, mwanangu," akageuka kwenda zake. Ni Maalim aliyemwona akivuka barabara, akaagiza aitwe. Kisha akafungua daftari lake la zamani. Pembeni mwa ukurasa, kwa kalamu ya risasi, palikuwa pameandikwa kwamba ni nyumba ya mlango wa buluu, analea wajukuu wanne, na kitambulisho chake kilipotea.

Habari ile nilikuwa nimeiona kwa macho yangu nilipokuwa nikinakili. Niliiacha kwa sababu safu zangu hazikuwa na mahali pa kuiweka. Manake, mimi ndiye niliyemfuta yule bibi.

Baada ya Idi nilianza kusoma jinsi wenzetu wa zamani walivyoandika orodha zao, nikakuta kisa cha daftari la Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.). Vipande vyake nilivisikia tangu madrasa, lakini sikuwahi kuviunganisha. Nataka tuvisome pamoja, manake mwezi huu kila msikiti una orodha yake.

KABLA YA DAFTARI

Zama za Mtume (s.a.w.) Madina ulikuwa mji mdogo. Mali ikiingia iligawanywa haraka, na watu walijuana kwa majina na kwa shida zao. Hata hivyo kuhesabu watu hakukuwa jambo geni. Imam Bukhari amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliwahi kuagiza waandikwe majina ya waliosilimu, wakapatikana wanaume 1,500.

Khalifa wa kwanza, Abu Bakr as-Siddiq (r.a.), aliyeongoza kuanzia mwaka 632 hadi 634, aligawa kwa usawa. Alipoambiwa kwamba waliotangulia katika Uislamu wanastahili zaidi, rai yake ilikuwa kwamba malipo ya kutangulia yako kwa Allah, na mali hii ni ya kujikimu tu, hivyo usawa ni bora.

Mambo yalibadilika zama za Sayyidna Umar (634 hadi 644). Katika miaka michache tu Sham, Iraq na Misri ziliingia katika dola ya Kiislamu. Ikaanzishwa miji mipya ya Basra na Kufa. Wanajeshi walikuwa maelfu kwa maelfu, wakiwa na wake, watoto na wazee wao. Wakati huo hakuna mtu mmoja, hata awe hodari vipi, angeweza kuwajua wote kwa kichwa.

FEDHA ZA BAHRAIN

Wanahistoria wanasimulia kwamba siku moja Abu Huraira (r.a.) alirudi kutoka Bahrain na dirham 500,000. Umar alipomuuliza ameleta kiasi gani, na akaambiwa idadi hiyo, hakuamini. Abu Huraira akamhesabia laki moja moja mpaka zikafika tano. Umar akaona huyu bwana amechoka na safari na ana usingizi, akamwambia aende akalale kwake, arudi asubuhi. Asubuhi akarudi na hesabu ikawa ile ile.

Hebu tusimame kidogo hapa. Habari imekuja ambayo haifanani na kitu chochote ambacho kiongozi amewahi kukiona. Hakuikataa, wala hakuibeba ilivyo. Alimpa mleta habari nafasi ya kupumzika, akamuuliza tena. Hata leo, mashine ikitoa nambari ya ajabu, jambo la kwanza ni kuuliza mara ya pili.

Sasa ikawa swali: mali yote hii tuigawe vipi? Umar akaita mashauri. Sayyidna Ali (r.a.) alishauri kila mwaka kigawanywe chote kilichokusanywa, kisibaki kitu. Sayyidna Uthman (r.a.) akasema mali ni nyingi, inawatosha watu, lakini watu wasipohesabiwa ikajulikana nani amechukua na nani hajachukua, jambo litavurugika. Al-Walid bin Hisham bin al-Mughira akaeleza kwamba alifika Sham akaona wafalme wa huko wana madaftari ya askari wao. Umar akaichukua rai hiyo.

Daftari hilo likaitwa diwani. Ni neno lililotoka kwa Waajemi, na ndilo hilo hilo tunalolitumia tunaposema diwani ya mashairi. Wengi wanataja mwaka wa 20 Hijria (641) kuwa ndio lilipoanzishwa, wengine wanasema mwaka wa 15. Mimi nimependa zaidi ile sababu ya Uthman. Hakusema daftari litatuambia nani anastahili. Alisema litatuonyesha nani amepata na nani bado. Kazi ya kupima haki ilibaki kwa watu, na daftari likawa la kuwafungua macho.

MAJINA YALIVYOPANGWA

Kazi ya kuandika walipewa watu watatu: Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubair bin Mut'im. Walichaguliwa kwa sababu ndio waliozijua nasaba za Makuraishi vizuri kuliko wengine. Yaani Umar hakutafuta tu watu wenye hati nzuri. Alitafuta watu wanaowajua wale wanaoandikwa.

Wakaanza na Banu Hashim, kisha jamaa za Abu Bakr, kisha jamaa za Umar, kwa kufuata mpango wa ukhalifa. Umar alipoliona akalirudisha. Akaamuru waanze na jamaa za Mtume (s.a.w.), wa karibu kisha wanaofuatia kwa ukaribu, na yeye Umar wamuweke pale nasaba itakapomfikisha. Watu wa ukoo wake, Banu Adi, walimwendea wakitaka wapandishwe. Akakataa.

Viwango havikuwa sawa kwa wote. Waliopigana Badr waliandikiwa dirham 5,000 kwa mwaka. Katika Bukhari imepokewa kwamba Muhajirina wa mwanzo waliandikiwa 4,000, lakini mwanawe mwenyewe, Abdullah bin Umar, akaandikiwa 3,500. Alipoulizwa mbona amempunguzia, na yeye pia ni Muhajirina, alieleza kwamba Abdullah alihamishwa na wazazi wake, hawi sawa na aliyehama kwa nafsi yake. Fikiria hapo: mwenye daftari anamuandikia mwanawe pungufu, na sababu iko wazi, kila mtu anaweza kuiuliza na akajibiwa. Kompyuta zetu nyingi zinatoa jibu bila sababu. Mtu anaambiwa hakupita, na anayemwambia hajui kwa nini.

Kuhusu chakula, Umar hakukisia. Aliagiza kiasi maalumu cha unga kikandwe na kupikwa mikate, akaita watu wakala mpaka wakashiba. Akapima kilicholiwa, na kwa hesabu hiyo akaweka jarib mbili za nafaka kwa mwezi kwa kila mtu, mwanamume, mwanamke na hata mtumwa. Kipimo kilitoka kwenye matumbo ya watu kabla hakijaingia daftarini.

Na kuna jambo jingine ambalo wengi hatulisikii. Madaftari ya kodi ya ardhi yaliyokutwa Iraq, Sham na Misri hayakutupwa. Ya Iraq yaliendelea kuandikwa Kiajemi, ya Sham Kigiriki, na ya Misri Kigiriki na Kikopti, yakishikwa na makarani wale wale waliokuwa wakiijua kazi. Ni zama za Khalifa Abdul Malik bin Marwan (685 hadi 705) ndipo yalipoanza kugeuzwa kuwa Kiarabu. Waislamu wa mwanzo waliona hapana haja ya kuvunja kinachofanya kazi ili tu kionekane ni chetu. Nilipokumbuka nilivyolidharau daftari la Maalim kwa madoa yake ya chai, niliona haya.

SHAABAN IPI?

Orodha bila tarehe haifai. Inasimuliwa kwamba Umar aliletewa hati ya deni iliyoandikwa kwamba italipwa Shaaban. Akauliza: Shaaban ipi? Hii tuliyo nayo, iliyopita, au ijayo? Na Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), aliyekuwa liwali wa Basra, naye alimuandikia kwamba zinamfikia barua zisizo na tarehe, haijulikani ipi ya mwanzo na ipi ya mwisho.

Kwetu linaonekana jambo dogo. Lakini liwali akiwa na amri mbili zinazopingana mkononi, na hajui ipi imetangulia, ataamua nini? Umar akaita tena mashauri. Baadhi walipendekeza kufuata tarehe za Warumi au za Waajemi. Mwisho wakakubaliana kuhesabu kuanzia Hijra ya Mtume (s.a.w.), rai inayonasibishwa kwa Sayyidna Ali, na Muharram ikawa mwezi wa kwanza. Hii ilikuwa mwaka wa 16 au wa 17. Kwa hivyo kalenda unayoitazama leo ili ujue imebaki siku ngapi kufika kumi la mwisho, chanzo chake kilikuwa shida ya ofisi: karatasi zilizoshindwa kumsaidia mtu kuamua.

KILIO CHA MTOTO

Sasa tufike kwenye kisa ambacho ndicho kiini cha makala haya.

Katika kanuni za mwanzo za diwani, mtoto aliandikiwa fungu lake, dirham 100, baada ya kuachishwa ziwa. Kanuni hii ukiitazama haina ubaya. Mtoto anayenyonya chakula chake ni kwa mama, na mama keshaandikiwa. Akianza kula, naye anaandikwa. Ni hesabu safi.

Usiku mmoja ukafika Madina msafara wa wafanyabiashara, wakapiga kambi nje kwenye uwanja wa kuswalia. Umar akamwambia Abdur-Rahman bin Awf (r.a.) waende wakawalinde wasiibiwe. Wakakaa wakikesha na kuswali. Umar akasikia mtoto analia. Akamwendea mama, akamnasihi amche Allah na amtazame vizuri mwanawe, akarudi mahali pake. Baada ya muda akasikia kilio tena. Akaenda tena, akamwambia vile vile. Usiku ulipokaribia mwisho, mtoto akalia mara ya tatu. Umar akamwendea kwa ukali: wewe ni mama wa namna gani, mbona mwanao hatulii usiku kucha?

Yule mama hakujua anazungumza na nani. Akamweleza kwamba amemchosha usiku huo, kwani anajaribu kumwachisha mtoto ziwa naye anakataa. Umar akauliza sababu. Akajibiwa kwamba Umar haandikii fungu ila kwa aliyeachishwa. Akauliza umri wa mtoto, akaambiwa ni miezi kadhaa tu. Akamwambia asimharakishe.

Alipowaswalisha Alfajiri, watu walishindwa kuyasikia vizuri aliyoyasoma kwa jinsi alivyokuwa akilia. Alipotoa salamu akajilaumu mbele ya watu wote, akijiuliza ni watoto wangapi wa Waislamu amewaua. Kisha akaamuru mpiga mbiu atangaze: msiwaharakishe watoto wenu kuacha ziwa, kwani kuanzia sasa kila mtoto anayezaliwa katika Uislamu anaandikiwa. Na akaandika barua miji yote kupeleka amri hiyo.

Tulizoea kukisikia kisa hiki kama funzo la huruma ya kiongozi, na kweli ni hivyo. Lakini kisome tena kwa jicho la mtu anayetengeneza orodha.

Kwanza, daftari halikuwa na kosa. Hakuna jina lililosahaulika wala dirham iliyopotea. Karani yeyote angeapa kwamba mambo ni sawasawa. Kosa lilikuwa katika kanuni, na kosa la namna hiyo haliwezi kuonekana ndani ya daftari lenyewe. Umar kama angebaki nyumbani akifungua kurasa, angeona tu watoto walioachishwa ziwa wanaandikwa kwa wingi, na pengine angefurahi kwamba kazi inakwenda mbio.

Pili, orodha haihesabu watu tu, inawabadilisha pia. Mara watu wanapojua kwamba fungu linafuata alama fulani, wataikimbilia alama hiyo, hata kama ni kwa kumnyima mtoto ziwa la mamake. Yule mama hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haja aliyeielewa kanuni.

Tatu, angalia ilichukua muda gani kurekebisha. Kilio kilisikika usiku, kanuni ikabadilika Alfajiri. Hakuna aliyesema tungoje mwaka mpya wa hesabu. Hakuna aliyesema daftari ndivyo lilivyopangwa. Lilikuwa limeandikwa na watu, na watu wakaliandika upya.

WASIO NA UKOO

Daftari lililopangwa kwa nasaba lina shida moja kubwa: je, asiye na nasaba ataandikwa wapi? Mtoto wa kuokotwa hana baba anayejulikana wala kabila. Kwa mpango wa diwani, hana ukurasa.

Wamepokea kwamba akiletewa mtoto wa namna hiyo, Umar alimuandikia dirham 100, na akamwekea riziki inayochukuliwa na mlezi wake kila mwezi. Gharama za kunyonyeshwa na malezi yake zilitoka Baitulmali. Hakulazimishwa kuingia katika kabila la uongo ili safu ijae. Alitengenezewa nafasi yake. Hii ndiyo maana ya mfumo unaokunjika bila kuvunjika: mpango unabaki, lakini asiyetoshea katika mpango hapotei.

Na kwa walio mbali, Umar hakungoja waje. Inasimuliwa kwamba alilibeba mwenyewe daftari la kabila la Khuza'a mpaka Qudaid, njiani baina ya Madina na Makka. Hapo wanawake wakamjia, na kila mmoja akapokea fungu lake mkononi mwake. Kisha akaenda Usfan akafanya vivyo hivyo. Khalifa wa dola iliyowashinda Waajemi na Warumi, amebeba daftari safarini ili amwone kila mtu kwa uso wake.

DAFTARI LILIPOKUWA UKUTA

Tusidhani kwamba baada ya hapo kila kitu kilikwenda vizuri. Daftari ni la watu walio hai, na watu wanazaliwa, wanakufa, wanahama. Zama za Muawiya (661 hadi 680) kule Misri, kila kabila liliwekewa mtu wa kuzunguka barazani asubuhi akiuliza: je, amezaliwa mtoto usiku? Je, kuna mgeni aliyefikia kwenu? Majina yakipatikana yanapelekwa diwanini. Ndugu zangu, huo ni ufundi mkubwa, tena hauhitaji umeme. Ni miguu na maswali mawili tu.

Lakini daftari hilo hilo liligeuka kuwa ukuta kwa wengine. Wasiokuwa Waarabu waliosilimu, waliojulikana kama mawali, mara nyingi waliachwa nje. Umar bin Abdul Aziz alipokuwa khalifa (717 hadi 720), alifikiwa na ujumbe kutoka Khurasan uliolalamika kwamba mawali 20,000 wanapigana vitani bila kuandikiwa fungu wala riziki. Walikuwa jeshini, walikuwa msikitini, walikuwa makaburini, ila daftarini hawakuwemo. Khalifa huyo aliamuru hali hiyo irekebishwe.

Hapo ndipo unapoona tofauti. Daftari lilikuwa lile lile. Mikononi mwa mmoja lilikuwa taa, na mikononi mwa wengine likawa mlango uliofungwa. Tofauti ilikuwa iwapo mwenye daftari yuko tayari kuamini kwamba kuna mtu nje ambaye kurasa zake hazimjui.

Kitukuu huyu wa Umar alifuata njia ya babu yake. Na babu yake mwenyewe, Sayyidna Umar, karibu na mwisho wa maisha yake alifikia kusema kwamba akiishi atawasawazisha watu wote katika mafungu. Yaani hata ule msingi wa kuzidishiana, alioujenga kwa rai yake na kuutetea, alikuwa tayari kuufungua tena.

SISI NA KOMPYUTA ZETU

Sasa turudi mtaani. Darasani tunafundishwa maneno makubwa kuhusu mifumo ya habari, lakini swali lake ni moja: je, mfumo huu unamsaidia mtu aamue vizuri zaidi, au unamwondolea kazi ya kufikiri? Kijana aliyemwambia bibi jina lake halimo hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na karatasi iliyokwisha kuamua kabla yake. Nilimnyang'anya uamuzi nikaupa kompyuta, na kompyuta haiwezi kuona kikapu kitupu.

Mwaka huu tumekaa na Maalim tukaipanga orodha upya. Nayaandika tuliyoyafanya ili kama kuna msikiti au jumuiya inayotengeneza orodha yake siku hizi, waokote kinachowafaa.

Tumeongeza safu pana ya maelezo, ambamo mtu anaandika lolote kwa maneno yake. Ndiyo pambizo ya daftari la Maalim, imeingia kompyutani. Programu haikatai tena mstari usio na kitambulisho. Inatuonyesha tu kwamba hapa pana upungufu, ili mtu atazame na aamue. Kila jina linalokataliwa linaandikwa na sababu yake na aliyekataa, ili liweze kuulizwa. Kila badiliko lina tarehe, tusije tukaulizana Shaaban ipi. Tumetenga pia fungu la akiba kwa wale watakaokuja na hawamo.

Tena, kabla ya siku ya 27, vijana watatu na akina dada watatu watapita nyumba kwa nyumba wakiuliza yale maswali ya Misri: kumezaliwa? Kuna aliyehamia? Na sisi tumeongeza la tatu: kuna aliyefiwa?

Kompyuta nimeibakisha, msinielewe vibaya. Inatafuta jina upesi, inajumlisha bila kuchoka, na imetuonyesha nyumba mbili zilizokuwa zikipata mara mbili miaka yote bila Maalim kujua. Hayo ni manufaa ya kweli, na ni yale yale aliyoyataka Sayyidna Uthman: kujua nani amechukua na nani bado. Lakini siku ya kugawa, karatasi itashikwa na kijana akiwa amekaa pamoja na Maalim, na wawili hao wana ruhusa ya kuipinga.

Nimalizie kwa jambo lililonigusa kuliko yote. Wanahistoria wamepokea kwamba Sayyidna Umar alinuia, akijaaliwa uhai, kuzunguka nchi zake kwa mwaka mzima: miezi miwili Sham, miwili Jazira, miwili Misri, miwili Bahrain, miwili Kufa na miwili Basra. Sababu yake ilikuwa kwamba watu wana haja zisizomfikia. Maliwali hawazifikishi, na wenye haja wenyewe hawawezi kufika kwake. Mtu huyu ndiye aliyekuwa na daftari kubwa kuliko yote katika Uislamu wa wakati wake, na bado alijua kwamba halimwambii yote. Safari hiyo hakuifanya. Aliuawa Dhulhijja mwaka wa 23 Hijria (644), akiwa ametoka kusimama mbele ya watu kuwaswalisha Alfajiri.

Sisi hatuna Sham wala Misri ya kuzunguka. Tuna mitaa yetu, na tuna siku chache za Ramadhan zilizobaki. Bibi wa mlango wa buluu nimemwendea mwenyewe nikamwomba radhi. Aliniambia, "Si kitu, mwanangu, wewe ni kijana bado." Kisha akanitajia nyumba ya jirani yake, ambaye naye hayumo kwenye orodha.